Mkono Katikati ya Bati

Zedekiah Simiyu hakujipaka mafuta kwa miaka sita. Mafuta yenyewe hayakumkosa. Mkewe Nakhumicha alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu huko Lavington, na vikopo ambavyo memsahibu alivichoka vilifika chumbani mwao vikiwa bado nusu. Hata hivyo kila Jumapili Zedekiah alitoka kwenda kanisani na suti iliyopigwa pasi na ngozi iliyopauka kama kuni iliyotolewa jikoni kabla haijaisha kuwaka. Wanawake wa kanisa la Friends walimvuta Nakhumicha kando. Mmoja alimuuliza wazi, "Dada, huyu mume umemfufulia wapi?" Nakhumicha alicheka nao, kisha akarudi nyumbani akalia, kwa sababu kwao Kimilili mwanamume asiyeng'aa ni aibu ya mkewe.

Sababu ilikuwa kazi. Zedekiah alifanya kazi Grogan Road, katika kiwanda cha madebe ya samli. Madebe yale yalitengenezwa kwa mabati ya chuma kitupu, na chuma kitupu hakikai na samli. Kitashika kutu, na samli itakuwa na ladha ya msumari. Kwa hiyo upande wa ndani hupakwa vanishi ya rangi ya asali, kisha bati huokwa ndani ya tanuri mpaka vanishi igande kama kioo. Lakini vanishi na chuma havipendani. Ukiipaka vivi hivi itakaa wiki mbili, halafu itabanduka vipande vipande ndani ya chakula cha watu.

Fundi mkuu, Gurcharan Singh, ambaye wafanyakazi walimwita Kalasinga akiwa mbali na Fundi akiwa karibu, aliwaeleza jambo hilo siku ya kwanza na hakurudia tena. "Vanishi haishiki chuma," alisema. "Vanishi inashika dawa. Dawa ndiyo inashika chuma."

Dawa yenyewe ilikuwa ya manjano, nayo ilikaa katika tangi la tatu. Kwanza bati lilitumbukizwa katika soda inayochemka ili mafuta yatoke. Likasuuzwa. Likaingia katika asidi, likasuuzwa tena, ndipo likazamishwa katika ile dawa, likatoka na rangi hafifu kama ya pembe. Hapo Zedekiah alilimwagia maji safi na kulitazama. Maji yakitanda juu yake yote kama shuka iliyonyooshwa kitandani, bati limekubali. Yakikatika mahali, yakajikusanya matone, basi hapo pana mafuta, hata kama jicho halioni, na hapo ndipo vanishi itakapobanduka. Bati hilo lilirudi mwanzo.

Na mafuta hutoka wapi? Kwenye mikono ya watu. Ndiyo maana Zedekiah hakujipaka. Ndiyo maana alinawa kwa majivu baada ya kula, na ndiyo maana mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye matangi yale alijifunza tangu wiki ya kwanza kushika bati kwa kingo tu, kwa ncha za vidole, mikono imetanuka kama ya mtu anayebeba mtoto mchanga wa mwenzake. Hakuna aliyegusa katikati. Asiyejifunza alifunzwa na asidi.

Dawa ya manjano nayo ilikuwa na adhabu yake. Ilitoboa mikono. Vilitokea vidonda vidogo vya mviringo, kana kwamba msumari umepigwa ukang'olewa, na havikupona. Kiwanda kilitoa jozi moja ya glavu kwa mwaka, nayo iliraruka kabla ya mwezi kwisha. Meneja wa wakati huo alipoonyeshwa vidonda alisema ngozi ya Mwafrika ni nene. Maneno hayo aliyasema mtu aliyesoma, akayasema mchana.

Mwenzake Zedekiah kwenye matangi alikuwa Jamleck, Mkikuyu wa Uthiru, mtu mfupi mwenye mikono midogo na mdomo mkubwa. Jamleck alijipaka mafuta ya mbarika siku ya Jumamosi tu, yale ambayo mkewe Nyokabi aliyakamua mwenyewe, na Jumatatu alfajiri alijisugua kwa majivu mpaka kiwiko. "Mimi nang'aa siku mbili kwa wiki," alipenda kumwambia mwenzake. "Wewe Mluhya, siku ukifa hawatajua. Watadhani umeenda kazini."

Mwaka wa 1953 ulipoanza, kiwanda kilipata meneja mpya. Jina lake halikutumika. Wafanyakazi walimwita Mikwaju, kwa sababu kila kosa kwake lilikuwa na hesabu ya viboko. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na Mikwaju alikuwa pia askari wa akiba. Jumamosi alasiri alivaa kaki na kwenda kusaidia katika hema za mchujo zilizopigwa karibu na Dagoretti Corner, mahali ambapo Wakikuyu waliketishwa chini kwa mamia na kuulizwa walikula kiapo kwa nani. Alikuja kazini na bastola. Saa ya chakula, wafanyakazi wakiwa nje, aliifungua juu ya meza iliyokuwa kando ya mabati yaliyokuwa yakikauka, akaisafisha kwa kitambaa na mafuta ya bunduki. Kisha, kwa kuwa bwana lazima akague, aliyachukua mabati moja moja akayaelekeza dirishani. Aliyashika kama mtu anayeshika sinia, kiganja chote katikati.

Siku moja Zedekiah aliwahi kurudi mapema akamkuta. Alimwambia kwa adabu kwamba bati huguswa kwa ukingo. Mikwaju aliliweka bati chini polepole, akampiga kofi lililomwangusha juu ya ndoo.

"Wewe nataka fundisha mimi kazi?" alimuuliza.

Zedekiah aliinuka, akaliokota lile bati kwa kingo na kulirudisha katika soda. Lakini hayo ni yale aliyoyaona. Yale ambayo hakuyaona yaliingia katika vanishi, yakaokwa, yakakunjwa kuwa madebe, yakajazwa samli na kupelekwa kambi za wanajeshi.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane yalirudi. Lori zima. Ndani ya madebe vanishi ilikuwa imebanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, samli imebadilika rangi, na wanajeshi kambi nzima walikuwa wameugua matumbo. Mikwaju alisoma barua iliyokuja na lori akiwa amesimama mlangoni. Hakuuliza tangi lipi, wala tarehe gani, wala hakumwita Gurcharan. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkikuyu pekee aliyekuwa kwenye matangi.

Alisema Jamleck amewapa askari wa Malkia sumu. Alisema ametumwa na watu wa msituni. Jamleck alianza kujibu, na kipande cha bomba kikampata mdomoni kabla ya neno la pili. Alipoanguka Mikwaju alimpiga mbavu kwa buti, kisha akamburuta mpaka kwenye ukingo wa tangi la asidi, akaipachika mikono yake miwili juu ya ukingo ule wa chuma na kuikanyaga. Wafanyakazi ishirini na tatu walisikia vidole vikivunjika. Mmoja alipiga hatua, bastola ikamgeukia, akairudisha hatua yake. Jamleck hakupiga kelele. Alilia kwa pua, kama ng'ombe aliyefungwa, na damu yake ikatiririka katika asidi ikifanya mapovu ya rangi ya chai.

Askari walimtupa katika Land Rover wampeleke kwenye zile hema za mchujo. Mikwaju alimwambia kila mtu aliyekuwa karibu kwamba atahakikisha huyu amefika kwenye kamba. Na watu walijua kwamba haikuwa domo tupu. Mwaka ule Mkikuyu aliweza kunyongwa kwa kukutwa tu na risasi moja mfukoni. Aliyesemwa kuwapa wanajeshi sumu angeponea wapi?

Alasiri hiyo Zedekiah alipewa kazi ya kuyapasua yale madebe na kuyanyoosha yawe chuma chakavu. Alipasua la kwanza, akalifuta samli, akaketi chini. Vanishi haikuwa imebanduka ovyo. Katikati ya bati palikuwa na mkono. Kiganja, vidole vinne vinene, kidole gumba kikubwa kama kijiko, vyote vimechorwa kwa chuma kitupu na kutu, na kuanzia hapo ubandukaji umetambaa pembeni. Alipasua la pili. La saba. La kumi na moja. Mengi yalikuwa yamebanduka mno yasisomeke, lakini matano yalikuwa na mkono ule ule, mahali pale pale, katikati.

Alimpelekea Gurcharan moja, limefunikwa kwa gunia. Yule Singasinga alilitazama, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kidole gumba. Alijua.

"Simiyu, mimi nina watoto wanne," alisema. "Funika hiyo."

Jioni, huko Lavington, Nakhumicha alisema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. Alisema wao si Wakikuyu na vita si vyao. Alisema chumba wanacholala ni cha memsahibu, na memsahibu hunywa chai na wake za watu kama Mikwaju. Zedekiah alimsikiliza mpaka mwisho akila ugali wake kwa mchicha usiotiwa mafuta.

"Bati limesema ni mkono wa nani," alisema. "Nikinyamaza, nitakuwa nimeuosha mimi."

Lakini mkono katika kutu ungetosha? Mzungu angesema ni wa Jamleck. Ijumaa nzima Zedekiah alilifikiria hilo, naye hakuwa mwanasheria. Alijua kitu kimoja tu duniani, nacho ni namna ya kuuliza bati kama limeguswa. Alimwambia Gurcharan anachohitaji. Jumamosi saa sita, kazi ilipofungwa, Zedekiah alikuta kando ya baiskeli yake debe jipya lililojaa maji safi, na ndani yake mabati mawili madogo yaliyotoka kwenye dawa ya manjano asubuhi ile. Debe lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kipya. Hapakuwa na mtu karibu.

Alilifunga kwenye kiti cha nyuma, akatia kile kipande chenye mkono ndani ya shati, akashika Ngong Road. Hakupanda baiskeli, aliisukuma, maji yasimwagike mabati yakaingia vumbi. Kabla ya kufika Dagoretti Corner palikuwa na kizuizi. Askari alitaka kujua amebeba nini.

"Maji, afande."

"Maji ya wapi? Unapelekea nani msituni?" Askari alikuwa akila nyama ya kuchoma kutoka katika gazeti. Aling'oa kitambaa na kutumbukiza mkono.

Zedekiah alimwomba asiguse. Kosa hilo lilimletea kitako cha bunduki begani, na kingine juu ya sikio. Alianguka na baiskeli, lakini alianguka chini yake, mikono miwili imelikumbatia debe kifuani kama mtu anayeokoa chungu cha mwisho, na nusu ya maji ikabaki. Askari alitoa bati moja, akaligeuzageuza kwa vidole vyake vya mafuta, akaona ni takataka, akalitupa barabarani. Lile la pili, lililokuwa chini, hakuligusa. Alimpiga Zedekiah teke la kumwambia apite. Mbele kidogo Zedekiah aliyamwaga maji ya juu yaliyoguswa na mkono ule wa mafuta.

Kwenye hema alifika na sikio linalovuja damu. Afisa aliyekuwa pale alikuwa Mzungu kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, ameketi nyuma ya meza ya kukunja. Mikwaju alikuwa amesimama ubavuni pake, ndani ya kaki, akisimulia habari za Jamleck ili ziandikwe. Zedekiah alipoeleza amekuja kwa ajili ya nani, Mikwaju aliondoa mkanda kiunoni. Afisa ndiye aliyemzuia, si kwa huruma, bali alitaka kumaliza. Alimwambia Zedekiah ana dakika tano.

Zedekiah aliliweka lile bati lenye mkono juu ya meza. Afisa alilitazama.

"Huu ndio mkono wa mtu wenu," alisema Mikwaju haraka. "Yeye alipaka mafuta kwa makusudi."

Basi Zedekiah aliomba Jamleck aletwe. Askari wawili walimleta wakimshika makwapa. Uso ulikuwa umevimba hata jicho moja halikuonekana, na vidole vilikuwa vyeusi, vimepinda kila kimoja kwa upande wake. Waliulaza mkono wake juu ya ule uliochorwa. Haukufika popote. Ulikaa ndani yake kama mkono wa mtoto ndani ya glavu ya baba. Mikwaju alicheka, akasema huenda mwenzake alimsaidia, huenda ni huyu huyu aliyekuja na debe.

Ndipo Zedekiah alipotumbukiza ncha za vidole katika maji na kulitoa bati la pili, jipya, likimeta. Alilishika kwa kingo. Alimwelekea Jamleck.

"Ndugu," alisema, "pokea."

Jamleck alilitazama bati kwa jicho lake moja. Hakuwa na kidole kilichonyooka. Mtu mwingine angelipokea kwa viganja, angelikumbatia, angelitega kifuani. Yeye alitanua mikono yote miwili, akalipokea kwa kingo za viganja, kingo kwa kingo, akitetemeka, meno yameuma mdomo uliopasuka mpaka damu ikadondoka kwenye vumbi kando ya bati na si juu yake. Hata pale hakugusa katikati. Zedekiah aliteka maji kwa kikombe akayamwaga. Yalitanda juu ya bati yote, safi, kama kioo.

Kisha alilichukua tena, akageuka.

"Bwana meneja," alisema, "na wewe tafadhali."

Mikwaju hakufikiri. Mtu aliyezoea kupokea vitu hafikiri. Alilinyakua kama sinia, kiganja katikati, akamsogezea Zedekiah usoni kana kwamba anataka kumpiga nalo, akamuuliza upuuzi huu ni wa nini. Zedekiah aliomba tu ruhusa ya kulirudisha mezani. Alimwaga maji. Na maji yalikimbia. Yalijikunja kutoka pale yalipoguswa, yakasimama matone matone pembeni, na katikati ya bati palibaki pakavu, mahali penye umbo la kiganja, vidole vinne vinene na gumba kubwa kama kijiko. Afisa alivuta lile bati la kutu akaliweka kando ya hili la maji.

Afisa alimwambia Mikwaju maneno machache kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, na shingo ya Mikwaju ikawa nyekundu kuanzia kola. Kisha afisa aliichana karatasi aliyokuwa akiiandika. Hakumwomba Jamleck radhi. Hakuuliza ni nani aliyevunja vidole vile, ingawa alikuwa akivitazama. Alisema aondolewe, apelekwe kwao. Haki ya nchi hii wakati ule ilikuwa na urefu huo tu: mtu asiye na hatia aliruhusiwa kwenda nyumbani na mifupa iliyovunjika, na tulitakiwa kushukuru.

Jumatatu Nakhumicha alimshika Zedekiah mkono mlangoni. Alimwambia asiende. Alikwenda. Alisema hajaiba, kwa nini ajifiche.

Mikwaju alimngoja kwenye tangi la kwanza. Alimkamata mkono wa kulia karibu na kiwiko kwa mikono yake miwili, akamsukuma tumbo kwenye ukingo, na kuuzamisha mkono ule katika soda inayochemka mpaka nusu ya kigasha. Aliushikilia humo. Wafanyakazi waliokuwa pale waliniambia kwamba kelele aliyoitoa Zedekiah haikuwa ya maneno, na kwamba mwanzoni walidhani ni mtambo. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, na koleo refu la chuma lilining'inia karibu na kichwa cha Mikwaju. Zedekiah alilitazama koleo. Hakulichukua. Hata leo hasemi kama ni kanisa lililomzuia au ni maumivu.

Aliyelichukua ni Gurcharan. Alimpiga nalo Mikwaju juu ya bega, pigo moja, mfupa ukalia, na Mikwaju akaachia. Kisha yule mwenye watoto wanne aliliweka koleo chini, akaketi kwenye ndoo na kungoja polisi. Alifungwa miezi kumi na minane. Mikwaju alirudi kazini mkono ukiwa kwenye kitambaa, akawa meneja kama zamani, akafukuza nusu ya watu.

Mkono wa Zedekiah haukukatwa, lakini soda ilikuwa imekula kila kilichokuwa juu. Ulipona ukiwa laini na mwekundu, hauna mistari, na ngozi ilipasuka kila alipojaribu kuufunga. Wiki kadhaa aliketi nje ya chumba chao Lavington, ameulaza juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akilinde.

Siku moja saa nne asubuhi Nyokabi alikuja. Alikuwa ametembea kutoka Uthiru, na kibali chake kilikuwa kimekaguliwa mara tatu njiani. Jamleck asingeweza kutoka, alisema. Alikuwa bado amefungwa vijiti vidoleni, na Mkikuyu mwenye mikono iliyofungwa huulizwa maswali mengi. Alitoa kifuani chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Mafuta ya mbarika, ameyakamua mwenyewe.

"Kuna maneno pia," alisema, akimtazama Nakhumicha kwanza kama anayeomba ruhusa. "Amesema, mwambie Mluhya ajipake sasa. Hakuna bati linalomngoja."

Nakhumicha alicheka, na katikati ya kicheko akageuza uso ukutani. Zedekiah hakucheka. Aliinyooshea chupa mkono wa kushoto, na akaipokea kwa ncha za vidole viwili, kwenye mdomo wa chupa, bila kugusa katikati. Aliitazama hivyo, imening'inia. Kisha akampa mkewe, akaunyoosha ule mkono mwingine mbele yake na kuufungua.